Maisha ya Imamu Nawawi na Khabari ya Miswada Aliyoiacha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo: hapana mwanafunzi wa madhehebu ya Imamu Shafii katika pwani ya Waswahili asiyelijua jina la Imamu Nawawi. Mtoto akitoka chuoni hali amekwisha khitimu msahafu hufundishwa Hadithi Arubaini alizozikusanya. Akizidi umri hukaa mbele ya shekhe wake na Minhaji. Na watu wazima husomewa Riadhi Salihina msikitini baada ya sala. Lakini wengi wavisomao vitabu vyake hawajui ya kuwa baadhi yake, navyo ni katika vilivyo vikubwa, havikutoka mkononi mwake vikiwa vimetimia. Yeye alikufa na kalamu ingali njiani, na wengine ndio waliovitoa. Kwa hivyo khabari yake ni khabari mbili: ya mtu aliyeandika, na ya watu waliobaki na amana ya maandiko yake.

Jina lake ni Yahya bin Sharaf, na kuniya yake Abu Zakariya, na lakabu yake Muhyiddin. Alizaliwa mwezi wa Muharram mwaka 631 wa Hijra (1233) katika kijiji cha Nawa, nchi ya Hauran, kusini ya Damascus. Baba yake alikuwa na duka, na kijana akiwekwa dukani hakushughulika na kuuza wala kununua, ila kusoma Kurani. Imepokewa ya kuwa alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, watoto wenziwe walimlazimisha kucheza nao, naye akawakimbia huku akilia na huku akisoma. Akapita mtu mwema, Shekhe Yasin bin Yusuf, akamwona, akaingiwa na mapenzi naye, akamwendea mwalimu wake akamwusia amtunze. Khabari ile ikamfikia baba, akamshika mwanawe kwa masomo hata akakhitimu naye yu karibu kubaleghe.

Mwaka 649 baba yake alimpeleka Damascus, naye ana umri wa miaka kumi na tisa. Akakaa katika madrasa ya Rawahiya, na chakula chake ni mkate uliogaiwa na wakfu wa madrasa ile. Katika muda wa miezi minne na nusu alihifadhi kitabu cha Tanbihi, na katika miezi iliyosalia ya mwaka ule alihifadhi robo ya Muhadhabu, vyote viwili vya Abu Ishaka Shirazi. Mwaka 651 alikwenda kuhiji pamoja na baba yake. Aliporudi alizidi juhudi, hata ikawa kwa siku moja husoma masomo kumi na mawili mbele ya mashekhe zake. Hakula ila mara moja kwa siku, baada ya sala ya Isha, wala hakuoa. Na matunda ya Damascus hakuyala, kwa kuwa mashamba mengi ya mji ule yalikuwa ya wakfu na ya mayatima, naye akaogopa shubuha.

Mwaka 665 alipewa ushekhe wa Darul Hadithi Ashrafiya, nyumba ya kusomeshea Hadithi iliyokuwa mashuhuri kuliko zote katika Damascus. Na wakati wa Sultani Baibars alimwandikia sultani yule kuwatetea raia katika mambo ya mashamba yao na kodi zilizowaelemea, na ghadhabu ya mwenye ufalme haikumrudisha nyuma.

Na ajue msomaji ya kuwa zamani zile hapakuwa na matbaa katika nchi za Kiislamu. Mwanachuoni alipotunga kitabu aliandika kwanza mswada, akafuta na kuongeza, akaandika pambizoni, kisha akaunakili kwa nakala safi. Baada ya hapo wanafunzi walikisoma mbele yake, naye huwasahihishia na kuwapa ijaza. Huko ndiko kutolewa kwa kitabu. Mswada ambao haujasafishwa ulikuwa bado ni siri ya mwenyewe: leo ameandika neno, na kesho huenda akalirudi.

Imamu Nawawi aliijua khabari hii kwa pande zote mbili, kwani yeye mwenyewe alifanya kazi juu ya mswada wa maiti. Shekhe wa kwanza wa Darul Hadithi Ashrafiya alikuwa Ibnus Salah, aliyefariki mwaka 643 (1245), naye aliacha mswada wa kitabu cha khabari za wanavyuoni wa Kishafii usiotimia. Nawawi akaushika, akaufupisha, akaupanga, akaongeza majina yaliyosahauliwa. Kabla hajaumaliza akafa naye, na kitabu kikabaki mswada mara ya pili. Baadaye Hafidhi Jamaluddin Mizzi, aliyekuwa shekhe wa nyumba ile ile kuanzia mwaka 718 hata alipofariki mwaka 742 (1341), ndiye aliyekiandika kwa nakala safi. Basi kitabu kile kimoja kina mikono mitatu ya mashekhe wa nyumba moja, na wawili katika wao hawakukiona kikitoka.

Kwa upande wa pili, Nawawi aliogopa kuachwa nyuma yake maneno asiyoyaridhia. Mwanafunzi wake aliyemwandama kuliko wote, Alauddin Ibnul Attar, amesimulia ya kuwa siku moja shekhe wake alimkabidhi vijalada vya karatasi vipatavyo elfu moja, vyote kwa khati ya mkono wake, akamwamrisha avipeleke kwa wenye kazi ya karatasi, asimame mwenyewe mpaka vioshwe wino wote utoke. Akamwonya vikali asikhalifu amri ile. Ibnul Attar hakuwa na la kufanya ila kutii, na miaka mingi baadaye alikiri ya kuwa majuto ya karatasi zile hayajamtoka moyoni.

Tazama mtihani wa kijana yule. Mkononi mwake mna elimu ambayo hapana mwingine aliye nayo, na mbele yake mna maji. Lau angalificha vijalada kumi tu, pengine watu wangalimshukuru mpaka leo. Lakini kitabu kilikuwa cha mwenyewe, na mwenyewe yu hai, ana akili zake, ameamrisha. Mwanafunzi hakuwa na haki ya kumwonyesha shekhe wake kwa watu katika vazi ambalo shekhe hakutaka kuonekana nalo.

Mwaka 676 Nawawi alirudisha vitabu vya wakfu alivyokuwa ameviazima, akayazuru makaburi ya mashekhe zake, akawaaga marafiki, akarudi Nawa. Akaenda kuzuru Baitul Mukaddas na Khalil, kisha akarejea nyumbani kwa baba yake akaugua. Akafariki usiku wa tarehe 24 Rajabu mwaka ule (Desemba 1277), umri wake miaka arubaini na mitano, na baba yake yu hai. Akazikwa Nawa.

Alivyovitimiza vilikuwa vimekwisha enea: Hadithi Arubaini aliyoimaliza mwaka 668, Minhaji mwaka 669, Riadhi Salihina mwaka 670. Lakini vilivyobaki mswada au nusu vilikuwa vingi. Sherehe yake ya Sahihi Bukhari ilikuwa mwanzo tu. Kitabu chake cha Tahakiki kilikomea katika sala ya msafiri. Na Majmuu, sherehe kubwa ya Muhadhabu aliyoianza mwaka 662, ilisimama katika kitabu cha biashara, karibu na mlango wa riba.

Hapo ndipo ilipodhihiri tofauti. Vile vijalada elfu alivikataa. Hivi vingine aliviacha bila ya kuamrisha viharibiwe, na Majmuu alikuwa akiitumikia kwa miaka kumi na minne. Kwa hivyo waliomfuata waliona ya kuwa kuvitoa ni kutimiza nia yake, si kuikhalifu. Ibnul Attar yule yule aliyeosha karatasi ndiye aliyezipanga fatwa za shekhe wake kwa milango ya fikihi zikasomwa, na ndiye aliyeandika khabari za maisha yake. Aliyekuwa mwaminifu katika kufuta ndiye aliyekuwa mwaminifu katika kuhifadhi.

Majmuu ikabaki bila ya mwisho muda wa miaka mingi, mpaka akaishika Takiuddin Subki, aliyefariki mwaka 756 (1355). Huyu alikuwa bahari ya elimu, lakini aliingia katika kazi ile kwa kusita na hofu. Naye alipopewa ushekhe wa Darul Hadithi Ashrafiya baada ya Mizzi, imepokewa ya kuwa usiku alikuwa akienda kuweka uso wake juu ya busati la ukumbi ule, akitaraji uso wake uguse pahali palipoguswa na mguu wa Nawawi. Subki aliandika sehemu yake akakoma bila ya kufika mwisho. Kitabu hakikutimizwa mpaka karne ya ishirini, na aliyekitimiza ni mwanachuoni wa Misri, Muhammad Najib Mutii, aliyefariki mwaka 1985. Katika chapa iliyoenea ya juzuu 20, tisa za mwanzo ni za Nawawi, ya kumi mpaka ya kumi na mbili ni za Subki, na zilizosalia ni za mkamilishaji.

Basi mwenye kufungua juzuu ya kumi na tano akapata mas-ala, kisha akasema msikitini ya kuwa Nawawi amesema hivi katika Majmuu, amemzulia maiti neno asilolisema, naye maiti hawezi kujibu. Wala asidhani mtu ya kuwa kitabu kisichotimia ni dhaifu kwa kutotimia kwake. Wanavyuoni wa Kishafii wa baadaye, vitabu vya Nawawi vinapokhitalifiana, kwa kawaida hutanguliza Tahakiki, kisha Majmuu, mbele ya Raudha na Minhaji. Na hivyo viwili vya mwanzo ni vile alivyofariki hajavimaliza. Walivitanguliza kwa kuwa ndani yake alikuwa akitafuta kwa kina zaidi. Lakini waliviamini kwa sababu waliovipokeza walionyesha mpaka: hapa ndipo mkono wake ulipokoma, na hapa ndipo mkono wa mwingine ulipoanza.

Hii ndiyo adabu ya kusoma kitabu kilichotolewa baada ya kufa mwenyewe. Msomaji na aulize kwanza: je, mwenyewe alikiridhia, au alikificha? Alikisafisha, au ni mswada? Nani aliyekitoa, na aliongeza nini? Akiisha kuyajua hayo na asome kwa utulivu, na neno linalomtatiza asifanye haraka kumlaumu maiti, kwani huenda lau angaliishi mwezi mmoja zaidi angalilifuta. Na mwenye kuandika, angali na uhai wake, na awausie watu wake juu ya karatasi zake, zipi zisomwe na zipi zioshwe, asije akamtwika mwanawe au mwanafunzi wake hukumu isiyo yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Nawawi, na Ibnul Attar aliyetii hali moyo wake unamuuma, na Mizzi na Subki na kila aliyehifadhi amana ya aliyemtangulia. Na atujaalie elimu yenye kunufaisha, ambayo thawabu zake hazikatiki kwa kufa mwenyewe. Amin.