John Williamson na volkano iliyozikwa Mwadui

Ukisimama Maganzo, wilayani Kishapu, ukatazama pande zote, huoni mlima unaofanana na Kilimanjaro wala Ol Doinyo Lengai. Nchi ni tambarare: mashamba ya pamba na mtama, mbuyu mmoja mmoja, ng'ombe wakielekea malamboni. Lakini hapo jirani, Mwadui, ipo volkano. Mlima wake haupo. Lililobaki ni koo lake tu, limejaa mawe yaliyovunjikavunjika, na juu limefunikwa na udongo. Aliyelitafuta koo hilo kwa miaka mingi akiwa na madeni na homa ni Dk. John Thoburn Williamson, na jina lake bado linatajwa Shinyanga nzima zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake.

Williamson alizaliwa Februari 1907 huko Montfort, jimbo la Quebec, Kanada. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, alianza kusoma sheria. Safari moja ya kiangazi kwenda Labrador, kufanya kazi pamoja na watafiti wa miamba, ikamgeuza. Akaacha sheria, akasoma jiolojia mpaka akapata shahada ya uzamivu mwaka 1933. Mwaka uliofuata alikuja Afrika, kwanza Rhodesia Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha Tanganyika, akiajiriwa na kampuni iliyochimba almasi Mabuki, kusini ya Mwanza.

Mabuki haikulipa. Kampuni ilipotaka kufunga, Williamson aliuchukua mgodi huo pamoja na vifaa vyake chakavu, akaanza kujitegemea. Hapo ndipo shida ilipoanza kwa kweli. Fedha zilikuwa haba, malaria haikumwacha, na mishahara ya vibarua ilikuwa jambo la kubahatisha. Aliyemsaidia wakati huo ni wakili wa Mwanza mwenye asili ya India, I. C. Chopra, ambaye baadaye alipata hisa katika mgodi. Bila mkopo wa Chopra huenda tungekuwa tunasimulia habari ya mtu mwingine.

Kwa nini hakukata tamaa? Almasi moja moja zilikuwa zikiokotwa katika changarawe za Usukuma tangu zama za Wajerumani. Wachimbaji wengi waliridhika kuchekecha changarawe hizo, wakiisha eneo moja wanahamia jingine. Williamson aliuliza swali tofauti: changarawe hizi zimetoka wapi? Almasi haizaliwi mtoni wala kwenye udongo wa shamba. Kama zipo juu, lazima pawepo na mlango zilikopitia.

Tuueleze mlango huo, maana ndio kiini cha habari yote.

Almasi ni kaboni, jamaa ya mkaa na ya ile risasi nyeusi ya penseli. Ili kaboni iwe almasi inahitaji kubanwa sana, na mbano wa namna hiyo hupatikana kina cha kilomita 150 hivi au zaidi, chini kabisa ya ganda la dunia. Hakuna mchimbaji anayeweza kufika huko. Shimo refu kuliko yote lililotobolewa na binadamu, kule Urusi, lina kina cha kilomita 12 na kidogo. Kwa hiyo almasi lazima iletwe juu, na mbebaji wake ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka.

Wengi hudhani magma hupanda kwa kuyeyusha kila kilicho mbele yake, kama kaa la moto linavyopita kwenye mafuta ya mgando. Sivyo inavyosafiri kwa kawaida. Magma hupasua. Mpasua kuni hupigilia kabari kwenye gogo, ufa ukatangulia mbele ya kabari. Magma nayo husukuma ncha ya ufa, mwamba ukaachana, nayo ikajaza nafasi. Inapopoa, inabaki kama ukuta mwembamba uliosimama ndani ya mwamba mwingine. Na mara nyingi haifiki juu. Julai 2007 kaskazini mwa Tanzania ardhi ilitetemeka kwa siku nyingi, mpaka Nairobi watu wakatoka majengoni. Magma ilikuwa ikipasua njia chini ya mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron. Hapo Gelai haikutoka, iliishia chini. Jirani yake, Ol Doinyo Lengai, akalipuka kwa nguvu Septemba mwaka huohuo.

Magma inayobeba almasi ina tabia ya peke yake. Mwamba wake huitwa kimbalaiti, kutokana na mji wa Kimberley, Afrika Kusini. Inatoka chini sana, ni nyepesi kama maji kuliko lava nyingine, na imejaa gesi ya kaboni na mvuke. Gesi hiyo huifanya ikimbie. Wanasayansi wanakadiria kwamba safari yote ya kilomita 150 huchukua saa chache, au siku chache tu. Haraka hiyo ni ya lazima: ikichelewa njiani, almasi huanza kuliwa na magma yenyewe, au hugeuka kuwa kaboni nyeusi isiyo na thamani. Ikikaribia juu, mbano unapungua na gesi inafumka ghafla, kama soda iliyotikiswa halafu ikafunguliwa. Mwamba wa juu hurushwa hewani, na kinachobaki ni shimo lenye umbo la karoti, pana juu na jembamba chini, limejaa vipande vya mawe ya kila namna.

Mlipuko wa Mwadui ulitokea kiasi cha miaka milioni 40 hadi 50 iliyopita. Bonde la Ufa hupita mashariki yetu kwa Natron na magharibi yetu kwa Ziwa Tanganyika, likizunguka ardhi hii ya kati ambayo ni ya kale sana, baridi na nene. Mzizi mnene wa ardhi hiyo ndio ghala lenyewe la almasi. Na usidhani mambo haya ni ya kale tu: vilima vya Igwisi, mkoani Tabora, ni volkano za jamii hiyohiyo, na zililipuka kama miaka 10,000 hivi iliyopita. Kipimo cha jiolojia kinaiita hiyo jana.

Dhahabu ya Geita ina historia nyingine. Haikuletwa na mlipuko wa kasi, bali na maji ya moto yaliyopita polepole katika nyufa za miamba zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, yakaacha dhahabu humo yalipopoa. Ndiyo maana mchimbaji wa Geita hufuata mwamba kama anayefuata mzizi, na wa Mwadui huchimba bakuli.

Williamson hakuyajua yote haya. Vipimo vingi ni vya baada yake. Lakini alijua kwamba koo la kimbalaiti lazima lipo, na kwamba linasindikizwa na madini mazito, kama garneti nyekundu na chembe nyeusi za ilmenaiti, ambayo huonekana kwenye changarawe hata pale almasi yenyewe isipoonekana. Basi yeye na wafanyakazi wake Wasukuma walichimba vishimo, wakachekecha, wakahamia mbele, wakachekecha tena.

Tarehe 6 Machi 1940 wakaipata almasi Mwadui. Kuna wanaosimulia kwamba ilikuwa chini ya mbuyu, wengine kwamba gari lilikwama kwenye tope. Hadithi za namna hii humfanya mtu aonekane mwenye bahati tu, na mimi sizipendi, kwa sababu zinafuta miaka ya vishimo vitupu. Zinawafuta pia wale waliokuwa wakishika chekeche.

Koo lililopatikana lilikuwa na eneo la hekta 146, karibu viwanja 200 vya mpira. Ni miongoni mwa makoo makubwa kuliko yote yaliyowahi kuchimbwa almasi duniani. Ukubwa huo una sababu: nchi yetu tambarare haikumomonyoka sana, hivyo sehemu pana ya juu ya karoti bado ipo.

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeanza, mashine zilikuwa adimu, na miaka ya mwanzo kazi ilikwenda kwa shida. Baada ya vita Mwadui ikawa mji: umeme, hospitali, shule, uwanja wa ndege, na uzio wenye ulinzi mkali. Mwaka 1947 ilichimbwa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, kama gramu 11. Williamson aliitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, na ilipochongwa ikabaki karati 23.6. Baadaye ikawekwa kwenye bruchi yenye umbo la ua. Ndilo jiwe maarufu kuliko yote yaliyotoka Shinyanga, na Washinyanga wengi wameliona pichani tu.

Hakuoa. Alipenda kukaa peke yake, na aliumiliki mgodi wake kwa wivu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aligombana na De Beers, kampuni iliyodhibiti soko la almasi la dunia, kuhusu kiasi cha kuuza na bei. Kwa muda alizuia mawe yake yasiende London. Mtu mmoja katikati ya Usukuma aliweza kulitikisa soko zima, kwa sababu ya kile kilichopanda kutoka chini kwa siku chache mamilioni ya miaka nyuma.

Saratani ya koo ilimuua Januari 8, 1958, hapohapo Mwadui, akiwa bado hajafikisha miaka 51. Mwaka huohuo ndugu zake waliuza mgodi: nusu ikachukuliwa na De Beers, nusu na Serikali ya Tanganyika, ambayo bado ilikuwa chini ya Waingereza. Baada ya uhuru umiliki ulibadilika mara kadhaa. Bakuli linaendelea kuchimbwa, na kila tani 100 za mwamba hutoa karati chache tu.