Trevithick, Jamaa Aliyetangulia Reli

Wajua ni kwa nini garimoshi la kwanza kwenye reli lilikwama? Injini ilikuwa sawa. Shida ilikuwa reli.

Jamaa aliyeliunda, Richard Trevithick wa Cornwall, Uingereza, shuleni alionekana mkaidi tu. Februari 21, 1804, huko Wales, injini yake ya silinda moja na gurudumu kubwa ubavuni ilivuta tani 10 za chuma na watu 70 hivi, karibu kilomita 16. Lakini reli zilijengewa mabehewa ya farasi. Zikavunjika kwa uzito wake.

Baadaye alisaka utajiri migodini Peru, akarudi mikono mitupu. Alipofariki 1833, wafanyakazi wenzake walichanga pesa za mazishi.

Kwa hivyo ukiona wazo la msee limekwama, usimcheke haraka. Pengine reli zake bado hazijajengwa.