Humphry Davy na gesi ya kuchekesha

Wanafunzi wengi wa sayansi humjua Humphry Davy kwa ile taa ya usalama ya wachimba makaa ya mawe, aliyoibuni mwaka 1815. Hata sisi tuliosomea ukimbizini tulifundishwa hivyo hivyo, na taa ikawa mwisho wa somo.

Davy alizaliwa Penzance, Uingereza, Desemba 17, 1778, mtoto wa mchonga mbao. Baba alifariki 1794, naye akapelekwa kwa daktari mmoja wa mjini ajifunze kazi. Mwaka 1798 alihamia Bristol, kwenye taasisi ya Dk. Thomas Beddoes iliyojaribu kutibu magonjwa ya mapafu kwa kuvutisha wagonjwa gesi.

Mwaka uliofuata alianza kuvuta naitrasi oksaidi kutoka kwenye mfuko wa hariri. Raha ilimpanda, akacheka na kurukaruka. Akawaita marafiki, wakiwemo washairi Robert Southey na Samuel Taylor Coleridge, akaandika jinsi kila mmoja alivyojisikia. Hawakufanana, kuna waliofurahi mno na kuna walioona kizunguzungu tu. Tafiti za karne ya 20 zilionyesha vivyo hivyo: watu wakipewa nafasi ya kuchagua, baadhi huitaka gesi hiyo tena, wengine huona heri oksijeni tupu.

Davy alikuwa wa kundi la kwanza. Siku moja alimaliza chupa nzima ya divai kwa dakika chache, kisha akavuta gesi aone inamfanyia nini mlevi. Alikiri mwenyewe kwamba kuona tu mtu akivuta kulimwamshia hamu.

Linalosikitisha ni jingine. Katika kitabu chake cha 1800 alieleza kuwa gesi ilimtuliza maumivu ya jino, na kwamba huenda ingefaa kwenye upasuaji. Akaishia hapo! Mwaka 1801 alikwenda London, akagundua potasiamu na sodiamu 1807, akapewa cheo cha Sir 1812. Wagonjwa wakaendelea kushikwa kwa nguvu na kupasuliwa macho makavu, hadi Desemba 1844, Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford, Marekani, alipovuta gesi hiyo na kung'olewa jino bila kulia.

Leo hutumika kwa wanaojifungua na kwa wang'oa meno. Wanaoivuta ovyo huharibika neva, kwani huiua nguvu vitamini B12, na mwaka 2023 Uingereza ilipiga marufuku kuwa nayo kwa ajili ya kulewa.

Davy alifariki Geneva Mei 29, 1829, akiwa na miaka 50, akazikwa huko huko.