Mtungi mzito usio na gesi: Maisha ya Roy Plunkett

Hebu fikiria uko nyumbani Nyalenda au Kondele jioni. Maji ya ugali yamechemka, unga uko tayari, mara moto wa gesi unazimika. Unafanya nini? Unaunyanyua mtungi. Ukiwa mwepesi, stori imeisha. Unampigia jamaa wa boda akuletee mwingine. Lakini je, ukiunyanyua ukaupata bado mzito?

Hivyo ndivyo ilivyomtokea Roy Plunkett, mwanakemia wa Marekani, asubuhi ya Aprili 6, 1938. Alikuwa na umri wa miaka 27 tu. Alichofanya na mtungi ule kilileta plastiki ambayo wewe, hapa Kisumu na kwingine ufuoni mwa Ziwa Victoria, unaitumia kila mara bila kujua ilikotoka.

Usinisadiki tu, zunguka mtaani ujionee. Fundi akikufungia mfereji, huzungushia utepe mweupe mwembamba kwenye meno ya bomba ili maji yasivuje. Ni hiyo. Mama anayefunga omena kwenye pakiti kwa kimashine cha umeme ana kitambaa laini juu ya waya moto, ili plastiki ya pakiti isinate. Kitambaa hicho kimepakwa hiyo hiyo. Kikaango kisichoshika mayai, ni hiyo tena. Na ukigeuza paneli za sola zinazochaji taa za wavuvi wa omena kule Mbita au Rusinga, utaona mgongo mweupe. Katika paneli nyingi, mgongo huo umefunikwa utando wa plastiki ya ukoo huo huo. Ukoo wenyewe unaitwa fluoropolima, na Plunkett ndiye aliyekutana na mkubwa wao, yule tunayemfahamu kwa jina la biashara la Teflon.

Plunkett alizaliwa Juni 26, 1910, karibu na mji mdogo wa New Carlisle, jimbo la Ohio, katika familia ya wakulima isiyo na pesa. Alisomea kemia Manchester College huko Indiana na kumaliza mwaka wa 1932, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka na kazi zimekauka. Msoto wa kumaliza chuo na kukosa kazi, si unaujua? Mwenzake wa chumbani pale chuoni alikuwa Paul Flory, ambaye miaka mingi baadaye, mwaka wa 1974, alishinda Tuzo ya Nobel ya Kemia. Vijana hao wawili waliendelea na masomo Ohio State University, na Plunkett akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 1936. Mwaka huo huo kampuni ya DuPont ikamwajiri katika maabara yake ya Deepwater, New Jersey.

Kazi aliyopewa haikuhusu plastiki hata kidogo. Friji za awali zilitumia gesi zenye sumu kama amonia na salfa dioksidi, na ikivuja usiku watu walikuwa hatarini. DuPont ilitaka gesi salama zaidi. Katika kuitafuta, Plunkett alitengeneza takriban kilo 45 za gesi iitwayo tetrafluoroethilini, akaigawa kwenye mitungi midogo na kuihifadhi juu ya barafu kavu.

Asubuhi ile, msaidizi wake Jack Rebok alifungua vali ya mtungi mmoja. Kimya. Hakuna gesi. Jambo la kawaida lingekuwa kusema imevuja, kuutupa mtungi kando na kuchukua mwingine. Wao waliupima kwenye mizani, na kumbe uzito ulikuwa karibu ule ule wa siku walipoujaza. Kitu kilikuwa bado humo ndani. Walipoitoa vali na kuuinamisha mtungi, ukamwaga unga mweupe. Basi wakaukata kwa msumeno, wakakuta kuta za ndani zimegandwa na kitu cheupe chenye utelezi kama nta.

Gesi ilikuwa imejiunga yenyewe kwa yenyewe, molekuli kwa molekuli, ikawa minyororo mirefu. Plunkett akaanza kuitesa. Aliijaribu kwa asidi kali, haikuliwa. Aliitia kwenye viyeyushi, haikuyeyuka. Moto nao iliuvumilia kuliko plastiki nyingine za siku hizo. Sababu ni hii: uti wa mgongo wa kila mnyororo ni kaboni, na kaboni hiyo imevikwa florini pande zote. Kiungo cha kaboni na florini ni miongoni mwa viungo imara zaidi katika kemia. Kitu kingine kikija, hakipati pa kushika. Ndiyo maana yai linateleza, maji yanakimbia, na umeme haupiti.

Hataza ilitolewa Februari 4, 1941. Lakini nani angenunua plastiki ghali kiasi hicho? Vita vya Pili vya Dunia vikajibu. Mradi wa siri wa kutengeneza bomu la atomiki ulitumia gesi ya urani iliyokula karibu kila kizibo kilichowekwa. Unga wa Plunkett haukuliwa. Vita vilipoisha, mwaka wa 1945 jina Teflon likasajiliwa. Mwaka wa 1954 Mfaransa Marc Grégoire akafanikiwa kuigandisha kwenye sufuria ya alumini, na miaka miwili baadaye kampuni ya Tefal ikazaliwa.

Unajua utando wake hutengenezwaje? Plastiki nyingi huyeyushwa kisha zikavutwa kuwa karatasi nyembamba. Teflon hugoma. Hata ikipita nyuzi joto 327, pale inapoyeyuka, haitiririki. Kwa hivyo viwanda hushindilia unga kuwa gogo nene, hulioka, kisha hulizungusha mbele ya kisu kikali. Utando unatoka mfululizo, kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika na muuzaji wa Kibuye. Baadaye walikuja wadogo zake. Utando wa mmoja wao, uliotoka mapema miaka ya 1960, ndio uliokuja kufunika migongo ya paneli za sola, maana jua na mvua haviuozeshi upesi. Mwingine umeezeka bwawa la kuogelea la Olimpiki ya Beijing ya 2008.

Na Plunkett mwenyewe? Hakukaa na uvumbuzi wake. DuPont ilimhamishia kwenye risasi inayotiwa kwenye petroli, kisha kwenye gesi za friji, hadi alipostaafu mwaka wa 1975. Mwaka wa 1951 jiji la Philadelphia lilimpa nishani ya John Scott, na mwaka wa 1985 akaingizwa kwenye orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani. Alifariki Mei 12, 1994, huko Corpus Christi, mji wa pwani ya Texas, akiwa na miaka 83.

Sasa angalia hili. Petroli yenye risasi iligunduliwa kuwa sumu, na Kenya ikaachana nayo mwaka wa 2006. Gesi nyingi za friji za kizazi chake zilionekana kuitoboa ozoni, na mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuzifagia. Teflon nayo ina deni lake. Kwa miongo mingi viwanda viliitengeneza kwa msaada wa kemikali iitwayo PFOA. Huko West Virginia kemikali hiyo iliingia kwenye maji ya kunywa, watu wakaenda mahakamani. Mwaka wa 2019 mkataba wa Stockholm, ambao Kenya ni mwanachama, uliiweka kwenye orodha ya kemikali za kukomeshwa. Mwaka wa 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likasema inasababisha saratani kwa binadamu.

Usidhani hayo ni ya mbali. Mwishoni mwa muongo wa 2000, watafiti walichapisha vipimo vilivyoonyesha chembechembe za PFOA kwenye maji ya Ghuba ya Winam, na hata kwenye ngege na mbuta. Kemikali hiyo ilitumika katika bidhaa nyingi, kwa hivyo huwezi kulaumu kikaango chako peke yake. Ila ujumbe uko wazi: ule uimara unaozuia kitu kisiozeke juani ndio huo huo unaokizuia kisiishe majini.

Kwa hivyo, kikaango kisichonata usikiache kitupu juu ya jiko la makaa. Kikipita nyuzi joto 260 kinaanza kuharibika, na kikizidi sana kinatoa moshi unaoweza kuua ndege wa kufugwa na kukuletea wewe homa. Paneli ya sola iliyokufa nayo usiichome jaani wala kuiacha ufuoni. Ule utando ukiungua unaweza kutoa gesi yenye asidi kali inayounguza mapafu. Irudishe kwa aliyekuuzia na umuulize inakokwenda. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata baada ya wewe kuimaliza.

Plunkett na Rebok waliuweka mtungi kwenye mizani kabla ya kuutupa. Ilikuwa kazi ya dakika chache tu. Miaka karibu 90 baadaye, paneli za kwanza za visiwani zinazidi kuzeeka na kushushwa kutoka kwenye mapaa. Wewe ndiye uliye na mzigo mkononi sasa, bana. Upime kwanza.