Kurt Semm, fundi wa zana aliyepasua kwa matundu madogo

Binti anapokutwa na uvimbe kwenye ovari, yaani kiungo kinachotunza mayai ya uzazi, mzazi huwaza jambo moja: atakuja kuzaa kweli? Leo mara nyingi tunaweza kumpa mzazi huyo moyo. Mmoja wa watu waliotufikisha hapo ni daktari Mjerumani, Kurt Semm, ambaye tunasimulia maisha yake katika makala haya.

Semm alizaliwa mjini Munich mwaka 1927. Kabla ya kusomea udaktari alijifunza ufundi wa kutengeneza zana. Baadaye akawa daktari wa magonjwa ya wanawake, ila ufundi haukumtoka mikononi.

Enzi hizo, kutoa uvimbe wa ovari kulimaanisha kupasua tumbo kwa mkato mrefu. Mgonjwa alilazwa siku nyingi, na makovu ya ndani yaliweza kugandisha viungo na kuzuia mimba. Darubini nyembamba ya kuchungulia tumboni ilikuwapo, lakini madaktari wengi waliitumia kutazama tu. Semm alitaka kufanyia upasuaji humo humo.

Akabuni mashine ya kuingiza gesi tumboni kwa kipimo, ili ukuta wa tumbo uinuke na kuacha nafasi. Akabuni pia vifaa virefu vyembamba vya kushika na kukata, na njia ya kufunga fundo la uzi ndani ya tumbo ili kuzuia damu.

Mwaka 1970 alipokwenda kuongoza kliniki ya wanawake mjini Kiel, wenzake walimwona kama mtu aliyechanganyikiwa, hata wakamtaka apimwe ubongo. Tarehe 13 Septemba 1980 akawa wa kwanza kutoa kidole tumbo kizima kwa njia ya matundu madogo. Wapasuaji wakaja juu, wengine wakataka asimamishwe kazi. Yeye akaendelea, akatengeneza hata kifaa cha kufanyia mazoezi ili daktari ajifunze kabla ya kumgusa mgonjwa. Alistaafu mwaka 1995 na kufariki mwaka 2003, wakati njia yake imeshaenea duniani.

Kwa binti wa leo hii ina maana gani? Uvimbe mwingi wa ovari kwa wasichana si saratani, na baadhi hupotea wenyewe. Ukihitaji kutolewa, daktari aliyefunzwa hupitisha kamera karibu na kitovu, hutoboa matundu mengine madogo, huondoa uvimbe na kuiacha ovari. Pale saratani inaposhukiwa, uvimbe unapokuwa mkubwa mno au vifaa visipokuwapo, mkato mrefu bado hutumika. Hata kwa mkato huo, mara nyingi ovari huweza kuokolewa kama uvimbe si saratani. Kwa hiyo mzazi, usione haya kumuuliza daktari kama ovari inaweza kubaki.

Na hatari moja tusiisahau: ovari yenye uvimbe inaweza kujisokota na kukosa damu. Binti akishikwa ghafla na maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, huku akitapika, msiseme ni hedhi tu. Mwahisheni hospitali saa hiyo hiyo, kwani kila saa inayopita hupunguza nafasi ya kuiokoa.