Mwami Mwezi Gisabo na Ngoma ya Burundi

Muhula uliopita tulikuwa na mdahalo darasani juu ya wafalme wa kale wa Burundi. Mwenzetu mmoja, msemaji hodari, alisimama akadai kwamba Mwami Mwezi Gisabo hastahili sifa anazopewa, kwa sababu mwisho wa yote aliwainamia Wadachi akawalipa ng'ombe. Wengi walimpigia makofi. Mimi nami nilipiga. Baadaye nilipoanza kusoma habari za mfalme huyo na kuwauliza wazee wa kwetu, makofi yale yakanitia haya, na ndiyo maana nimeomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili.

Yafaa kwanza nieleze neno moja kwa wale wasiojua Kirundi. Kwetu ingoma ni ngoma, na ingoma hiyo hiyo ni ufalme. Aliyekuwa na ngoma ndiye aliyekuwa na nchi. Iliyokuwa kuu kuliko zote iliitwa Karyenda, nayo haikuonekana na raia kila siku. Ilitolewa katika siku kubwa, hasa siku ya umuganuro, yaani sikukuu ya mtama iliyofanywa mwezi wa Desemba. Mfalme alionja mtama, ngoma zikalia, ndipo nchi nzima ikapata ruhusa ya kupanda. Ngoma zenyewe huchongwa katika mti uitwao umuvugangoma na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Basi mtu aliyesikia mlio wake alisikia mambo ya mfalme, ya shamba na ya mifugo kwa pamoja.

Gisabo alikuwa mwana wa Mwami Ntare Rugamba, shujaa aliyeipanua nchi sana. Baba yake alipofariki, katikati ya karne ya 19, Gisabo alikuwa bado mtoto, na kaka yake Ndivyariye akashika mambo ya nchi kwa niaba yake. Kijana alipokua, kaka hakupenda kuachia. Wakapigana, Gisabo akashinda. Lakini ushindi ule haukumaliza ugomvi, kwa kuwa wana wengine wa Ntare na wajukuu zake walikaa katika sehemu zao, hasa upande wa mashariki, wakimtii nusu nusu. Huo ndio udhaifu uliomfuata maisha yake yote, wala tusiufiche kwa ajili ya kumsifu.

Mmoja wa wakubwa waliomwasi aliitwa Ntibirangwa. Gisabo alimshinda, na baada ya ushindi huo akaanzisha makao ya ngoma pale Gishora, kilomita chache kutoka Gitega. Ngoma mbili takatifu za Gishora zina majina yake: Ruciteme, yaani yule ambaye watu humfyekea msitu, na Murimirwa, yule ambaye watu humlimia. Napenda sana majina haya. Yalitokana na vita, lakini hayataji mkuki wala damu. Yanataja kazi ya shamba.

Wakati wa utawala wake adui mwingine alikuja kutoka ziwani. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa imeweka kituo Ujiji, ikitafuta pembe za ndovu na watumwa, na mkubwa aliyeogopwa zaidi upande huu wa Ziwa Tanganyika alikuwa Mohamed bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza. Alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu ya bunduki. Watu wa Gisabo walikuwa na mikuki na pinde tu, lakini walikuwa na milima pia, na waliijua. Rumaliza hakufaulu kuitwaa nchi, na biashara ya watumwa haikuiharibu Burundi kama ilivyoharibu ng'ambo ya ziwa. Nacheka kidogo ninapoandika maneno haya, maana lugha hii ya Kiswahili ilifika kwetu pamoja na misafara ile ile ambayo Gisabo aliizuia.

Kisha yakaja mabaya yasiyozuiwa kwa mikuki. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, na funza wakaingia miguuni mwa wakulima hata wakashindwa kwenda shambani. Nchi ilipokuwa katika hali hiyo, Wadachi wakajenga boma Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Mapatano ya Wazungu wenyewe yalikuwa yamekwisha kuiweka Burundi katika milki yao, bila Gisabo kuulizwa neno. Yeye alikataa kuwatambua. Hakuwaendea bomani, wala hakutamani nguo za dukani. Aliendelea kuvaa nguo ya magome ya mti kama baba zake.

Mwaka 1903 Kapteni von Beringe aliamua kumvunja. (Huyu ndiye ambaye jina lake limeingia katika jina la kitaalamu la sokwe wakubwa wa milimani, kwa sababu aliwapiga risasi mwaka 1902.) Wadachi hawakuja peke yao. Walikuwa pamoja na Maconco, mkwe wa Gisabo mwenyewe, na Kilima, aliyeshika sehemu za kaskazini-magharibi. Mfalme akawa mkimbizi katika nchi yake. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, alijisalimisha. Alitozwa ng'ombe 424, akalazimishwa kukubali kwamba Maconco na Kilima hawako tena chini yake, na kwamba misafara na wamisionari wasisumbuliwe.

Hapa ndipo msemaji wetu wa mdahalo alipokomea, na hapa ndipo nilipopiga makofi. Lakini fikirini jambo alilokuwa nalo mzee yule mbele yake. Angeweza kuendelea kukimbia mpaka auawe, na Maconco na Kilima wangegawana nchi. Ng'ombe 424 ni wengi, hasa baada ya sotoka, lakini ng'ombe huzaa. Ngoma haizai. Gisabo alitoa ng'ombe akabaki na ngoma.

Tena mambo yaligeuka upesi. Gavana von Götzen, aliyekaa Dar es Salaam, hakupendezwa na kazi ya Beringe, kwa kuwa yeye alitaka kutawala kwa mkono wa mfalme, si kuuvunja ufalme vipande vipande. Beringe aliondolewa. Aliyemfuata, von Grawert, akashika upande wa Gisabo. Mwaka 1905 Maconco alinyongwa na Wadachi wale wale waliokuwa rafiki zake, na Kilima naye baadaye akaondolewa. Gisabo akatambuliwa kuwa mfalme wa Burundi nzima, hata juu ya wale wa mashariki waliokuwa wakimdharau tangu ujana wake. Sisemi kwamba jambo hili lilikuwa jema lote. Waliolazimishwa kumtii walilazimishwa kwa bunduki za wageni, na raia wa vilima vile ndio walioumia. Nadhani Gisabo alilijua hilo kuliko sisi.

Alifariki mwaka 1908, mtu mzima sana, baada ya kutawala zaidi ya miaka hamsini. Mwanawe Mutaga, kijana tu, akarithi. Baadaye wakaja Wabelgiji, na katika siku zao umuganuro uliachwa.

Uhuru ulipopatikana, tarehe 1 Julai 1962, mfalme alikuwa Mwambutsa, mjukuu wa Gisabo, na katikati ya bendera mpya ilichorwa Karyenda pamoja na mmea wa mtama. Haikukaa miaka mitano. Tarehe 28 Novemba 1966 Kapteni Micombero aliuondoa ufalme, na ngoma ikaondolewa katika bendera. Mwaka 1967 ziliwekwa nyota tatu, za umoja, kazi na maendeleo. Mlio wenyewe haukunyamaza: mwaka 2014 UNESCO iliuandika mchezo wa ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa watu wote.

Mwaka jana tulipelekwa Gishora. Wapigaji waliingia wakiwa na ngoma vichwani, wakizipiga huku wakitembea, na ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyetu. Msemaji wetu wa mdahalo alikuwa kando yangu, ameziba masikio kwa vidole, anacheka. Tulipokuwa tukirudi nilimweleza haya yote niliyoyaandika. Bado anashikilia neno lake juu ya Kiganda, na ameomba mdahalo urudiwe muhula ujao. Safari hii nimejiandikisha kusema upande wa pili.