Kivoi alijua kitambaa kabla yetu

Ukisimama kwa rundo la mitumba pale Mutomo, jicho lako linachagua rangi lakini mkono ndio unaamua. Unashika, unasugua kwa kidole gumba, unavuta kidogo. Kama ni cha kudanganya, unakirudisha. Sasa wacha nikuambie habari za msee wa Kitui aliyetajirika wakati kitambaa kilipimwa kwa mkono kweli kweli, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka moja, shuka mbili zikawa doti.

Jina lake Kivoi wa Mwendwa. Miaka ya 1840 alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa Ukamba. Aliongoza misafara kutoka Kitui kupitia nyika mpaka Mombasa, watu wamebeba pembe za ndovu, wakirudi na vitambaa, shanga na waya wa shaba. Ndovu walilipia hizo pamba, hilo tusifiche.

Kitambaa kilichotawala soko kiliitwa merikani. Kilisokotwa huko Massachusetts, Marekani, na meli za Salem zikakileta Zanzibar, hasa baada ya Sayyid Said kutia sahihi mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Usifikirie kitu cha kumeremeta. Merikani ilikuwa pamba tupu, haijatiwa rangi wala kupaushwa, nzito na yenye kukwaruza kidogo. Watu waliipenda kwa sababu ilidumu. Kando yake kulikuwa na kaniki kutoka India, nyepesi na nyeusi-samawati. Ukivaa moja badala ya nyingine, mwili wako unaonekana tofauti hata kabla mtu hajaona rangi: moja inasimama, nyingine inaanguka.

Na sasa fikiria Wakamba wa wakati huo. Walikuwa na ngozi zilizolainishwa kwa mafuta, shanga, na ile mikufu myembamba ya chuma na shaba ambayo mafundi wao walisifika kwayo. Weka merikani kavu isiyong'aa karibu na shaba inayong'aa. Hiyo ni luku, mtu wangu. Vitu viwili vinavyong'aa vinapigana. Kimoja kikiwa kimya, kingine kinasikika. Jaribu na shati la kitani, mshipi wa ngozi na kiondo cha katani kutoka kwa mama wa sokoni, vyote rangi ya udongo. Hutahitaji rangi ya kupiga kelele.

Turudi kwa Kivoi. Mwaka 1849 mmishenari Mjerumani, Ludwig Krapf, alitoka Rabai akafika kwake Kitui. Kivoi alimweleza kuhusu mlima wenye kitu cheupe juu, na Desemba 3 mwaka huo Krapf akauona mwenyewe. Wakamba waliuita Kiinyaa, na wengi husema ni kwa sababu ya mbuni, nyaa, manyoya yake meusi na meupe. Yaani nchi yetu huenda ilipata jina kutokana na mavazi ya ndege!

Krapf alirudi 1851. Mwezi wa Agosti wakaelekea mto Tana, na karibu na mto huo wakavamiwa na majambazi. Kivoi akauawa. Watu wake wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini, kiu imemkaba. Alipofika majini hakuwa na kibuyu. Akajaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki, akaziba midomo ya mitutu kwa nyasi na vipande alivyokata kwenye suruali yake. Suruali ya Mzungu ikawa kizibo.

Alipofika kwa ndugu za Kivoi, hawakumpokea kwa furaha. Kwao, mgeni huyu alipaswa kufa pamoja na mwenyeji wake. Akatoroka usiku, akarudi Rabai.

Misafara haikuisha na Kivoi, lakini miaka iliyofuata wafanyabiashara wa pwani waliingia bara wenyewe, na Wakamba wakapoteza ile nafasi ya katikati. Mwaka 1861 vita vikazuka Marekani, merikani ikaadimika, na vitambaa vya viwanda vya Bombay vikachukua nafasi yake taratibu.

Merikani haikutoweka kwenye ulimi, lakini. Ukienda kwa fundi leo utafute pamba nyeupe-chafu, ngumu, ya bei nafuu, muulize marekani. Isugue kwanza.